Jino la Pembe si Dawa ya Pengo

Ndugu msikilizaji, juma lililopita gego langu moja la chini lilinikamata barabara. Usiku kucha nilizunguka sebuleni kama mlinzi wa godauni, karafuu mdomoni, shavu limevimba. Asubuhi nikajikokota hadi chumba cha meno katika hospitali moja ya hapa Dar es Salaam. Si kwamba gego hilo lilinishambulia ghafla. Lilikuwa limetoboka tangu mwaka juzi, na kila liliponigusa nililinyamazisha kwa vidonge vya duka la dawa. Lakini leo sikusudii kukusimulia habari za gego langu tu. Nataka kukueleza niliyoyaona pale kwenye benchi, maana palikuwa na rika zote, kuanzia mtoto wa miezi 7 hadi mzee wa miaka 70 na ushei.

Tuanze na huyo mtoto. Alikuwa amepakatwa na mama yake, msichana tu, na pembeni amekaa bibi. Mtoto ana homa, anaharisha siku ya tatu, hataki kunyonya. Nilipomwamkia bibi shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, kisha bila kuulizwa akanieleza kwamba mjukuu wake ana meno ya plastiki. Yuko fundi mtaani kwao anayatoa vizuri sana, lakini huyu binti mbishi, eti mpaka daktari aone kwanza.

Msikilizaji, kama hujapata kusikia habari za meno ya plastiki, au meno ya nailoni kama wengine wanavyoyaita, basi una bahati. Imani hii ilishika kasi nchini mwetu miaka ya 1980, na mpaka leo haijatutoka. Mtoto mchanga akipata homa na kuharisha, hufunuliwa mdomo. Pale zinapotarajiwa kuota chonge huonekana vivimbe vyeupe, na hukumu hutoka hapo hapo: ni meno mabaya, yasipotolewa mtoto atakufa. Fundi huchukua spoku ya baiskeli, au kisu, au msumari, akachimba ufizi bila ganzi na kutoa vitu vyeupe, laini, kama plastiki kweli. Mama akiviona kwa macho yake anaamini. Nani asingeamini?

Daktari, mwanamama wa makamo, aliacha mlango wazi, hivyo benchi zima tulisikia. Alimwosha bibi mikono, akashika kidole chake na kukigusisha kwenye ufizi wa mjukuu. "Mama," akasema, "hii ni chonge yake ya utotoni, inasubiri siku zake. Hata wewe ulikuwa nayo. Ni laini kwa sababu haijakomaa. Yai lililo bado tumboni mwa kuku, ganda lake si laini vile vile?"

Kisha akaeleza yanayofuata baada ya spoku. Damu huweza kutoka bila kukoma. Vidudu huingia kwenye damu, na pepopunda pia. Chombo kilichopita kwenye fizi za watoto wengine huweza kubeba virusi vya UKIMWI. Aliyenusurika yote hayo huenda akakua bila chonge, maana mbegu ya chonge ya ukubwani iko jirani na ile iliyochimbwa. Na wakati wote huo kuharisha kunaendelea, maji yanamtoka mtoto mwilini, na hilo ndilo linaloua. Akipata nafuu, fundi husifiwa, ingawa kuharisha kwingi hukoma kwenyewe mtoto akinyonyeshwa na kunyweshwa inavyopasa. Akifa, husemwa kwamba alicheleweshwa. Fundi huyo hashindwi kesi.

Mtoto alipelekwa upande wa watoto kupimwa malaria na kupewa maji ya chumvichumvi na vidonge vya zinki. Bibi hakubisha, wala hakukubali. Alisema tu, "Sisi tumelea wanane," akatoka akiwa amebeba kanga ya mjukuu. Mimi nampa heshima yake yule binti. Kumpinga mkweo au mama yako mzazi mtoto akiwa anaungua homa si jambo jepesi.

Aliyefuata alikuwa mvulana wa darasa la 2, gego limeoza hadi kuwa jeusi. Baba yake akasema kwa kujiamini: "Ling'oe tu daktari, hilo la utotoni, litaota jingine." Kumbe sivyo. Meno ya utotoni ni 20, na mtoto akifika kama miaka 6 huota magego mengine manne nyuma yake, bila jino lolote kung'oka kuyapisha. Kwa kuwa hakuna pengo lililotangulia, wazazi wengi hatujui kwamba hayo ndiyo ya kudumu. Likienda limekwenda.

Baba yule alitaja soda na biskuti za shuleni, na mswaki asubuhi tu. Daktari akamwambia mswaki wa usiku ndio usiokosekana, na kwamba mtoto wa miaka 8 bado anahitaji mkubwa wa kumsimamia. Dawa iwe yenye floraidi: kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka 3, kisha kama punje ya njegere. Ateme, asimeze. Madini hayo yakizidi wakati meno yanaumbika huyatia madoa. Ndiyo maana ndugu zetu wengi waliokulia Arusha na Kilimanjaro, kwenye maji yenye floraidi nyingi, wana meno ya kahawia, nasi huku tunawacheka kana kwamba hawajui mswaki.

Mzee wetu alikuwa amebakiwa na meno matano, nayo yanacheza. "Uzee, kijana wangu," akaniambia. Kumbe daktari alimkatalia. Uzee peke yake haung'oi jino. Ni ukoga uliogandia miaka mingi, fizi zikatoka damu akanyamaza, na kisukari ambacho huzidisha maradhi ya fizi. Akaandikiwa kupima sukari. Aliuliza habari za meno ya bandia, akajibiwa atapata, ila ayavue na kuyasafisha kila usiku, na asitarajie kutafuna muwa. Wahenga walishasema, jino la pembe si dawa ya pengo. Aliulizwa pia kuhusu ugoro, na kama ana kidonda mdomoni kisichopona kwa wiki mbili, kwa sababu kansa ya kinywa huanza kimya kimya.

Zamu yangu ikafika. Daktari alitazama, akaguna. Mwaka juzi, akasema, lingezibwa kwa muda mfupi. Nilitaka kulalamika kwamba kuziba ni ghali kuliko kung'oa, na kwamba kwenye vituo vingi kung'oa ndiko kunakopatikana kwa uhakika. Hayo ni kweli, na wakubwa wanaohusika wayasikie. Lakini hospitali hii ilikuwa inaziba meno siku zote hizo, nami napita mbele yake na daladala kila siku. Sindano ya ganzi ikaingia.

Nyumbani kitindamimba wangu, ambaye mwezi uliopita alitupa jino lake juu ya paa ili aote jipya, aliniuliza langu liko wapi akanitupie. Nikamwambia la baba limebaki hospitali.