Binti Yetu na Mafunzo ya Montessori Uholanzi: Kwa Nini Tumchangie

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama wetu, mhasibu kitaaluma, kwenye harambee ya mwaka, Dar es Salaam)

   

Nimeombwa nieleze kifungu kimoja cha bajeti yetu, kile kilichozua maneno kuliko vyote. Ni gharama za kumwezesha binti yetu, mwalimu wa awali, kuanza mafunzo kwa vitendo katika shule ya Montessori nchini Uholanzi. Vijana wanaita fildi. Ataanza Agosti na kumaliza Juni.

Kwanza niseme jambo ambalo mhasibu lazima aliseme. Binti huyu ni mtoto wa dada yangu. Kwa hiyo sikukaa kwenye kamati iliyomchagua, na sitasaini hundi yoyote ya kifungu hiki. Kazi yangu leo ni kueleza tu.

Ndugu zangu, sisi Wapare msaragambo tumezaliwa nao. Tumebeba mawe, tumechimba mifereji, tumejenga madarasa. Tofali linaonekana, ndiyo maana kulichangia ni rahisi. Lakini ingia kwenye darasa la awali tulilolipaka rangi sisi wenyewe. Utakuta watoto wadogo wamebanana kwenye madawati ya wakubwa, wanaimba a, e, i, o, u kwa pamoja kufuata fimbo ya mwalimu. Nusu yao wanaimba bila kujua wanaimba nini. Jengo tunalo. Kilichobaki ni mwalimu anayejua mtoto wa miaka mitano anajifunzaje.

Hapa mjini neno Montessori limeandikwa kwenye mabango ya shule nyingi za ada kubwa, na wengi tunadhani ni mambo ya watoto wa matajiri. Asili yake sivyo. Maria Montessori alikuwa daktari wa Italia, aliyezaliwa mwaka 1870. Tarehe 6 Januari 1907 alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto San Lorenzo, mtaa wa maskini jijini Roma, kwa ajili ya watoto ambao wazazi wao walishinda kazini. Baadaye alihamia Uholanzi, na alifariki huko Noordwijk mwaka 1952. Chama cha kimataifa alichokianzisha mwaka 1929 makao yake makuu yapo Amsterdam. Ndiyo maana Uholanzi shule za aina hii ni jambo la kawaida.

Wapo waliouliza: si tuna vyuo vya Montessori hapa hapa nchini? Tunavyo, na binti yetu amesoma kwenye kimojawapo. Cheti anacho. Anachokwenda kutafuta ni mwaka mzima chini ya mwalimu mzoefu, kwenye shule ambayo utaratibu huu umekomaa. Kule madarasa yamechanganya umri: miaka 4 hadi 6 chumba kimoja, 6 hadi 9 kingine, 9 hadi 12 kingine. Mkubwa humsaidia mdogo. Sisi tuliolelewa na dada na kaka zetu hilo si geni kwetu, ila shuleni tumeliacha.

Msitegemee kwamba atafika na kushika chaki. Majuma ya mwanzo atakaa kwenye kiti, daftari mkononi, akitazama. Nani kachagua kazi gani, kakaa nayo muda gani, kakwama wapi. Baadaye ataruhusiwa kumwonyesha mtoto mmoja kifaa kimoja. Wengine wanaona huko ni kupoteza muda. Mimi mkaguzi wa hesabu namwelewa kabisa: usirekebishe daftari ambalo hujalisoma.

Vifaa vyenyewe vingi havitushindi. Kuna mnara wa vipande 10 vya mbao vya mchemraba, kuanzia upande wa sentimita 1 hadi sentimita 10. Fundi seremala wetu akipewa vipimo sahihi ataupiga randa. Kuna herufi za karatasi ya msasa, mtoto anazipapasa kwa vidole huku akitamka sauti yake. Kiswahili chetu kinaandikwa kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto akishika sauti, neno haliko mbali. Kuna shanga: moja peke yake, kumi kwenye uzi wa waya, mia kwenye mraba, elfu kwenye mchemraba. Mtoto anaibeba elfu moja mkononi na kuhisi uzito wake. Ningefundishwa hesabu hivyo, ningeipenda mapema zaidi.

Sasa swali ambalo wengi mnaliuliza chini kwa chini: akizamia je? Ni swali halali, kwa kuwa fedha ni zenu. Kamati imeweka masharti manne. Moja, amesaini mkataba wa kurudi na kufundisha darasa letu la awali miaka miwili. Mbili, wadhamini wawili wamesaini kurejesha fedha asiporudi, na mmoja wao ni dada yangu, mama yake. Tatu, fedha hazipiti mkononi mwake: tiketi, bima na ada ya viza vitalipwa moja kwa moja, na risiti zitasomwa kwenye mkutano mkuu. Nne, kila mwezi ataleta taarifa kwenye kundi letu la simu, pamoja na vipimo na michoro ya vifaa. Malazi na posho ya kila mwezi ni juu ya shule inayompokea, na barua yao mweka hazina anayo. Anayetaka kuisoma aombe.

Hakuna mkataba unaoondoa hatari yote, hata mikopo ya benki hukwama. Lakini hasara ambayo hatuiandiki popote ni ile ya mtoto anayefika darasa la tatu hajui kusoma, ndani ya jengo tulilolijenga wenyewe.

Kadi za ahadi ziko mezani kwenu. Naomba tusiandike majina tu, tuandike na tarehe ya kulipa. Msaragambo wa safari hii hauhitaji jembe wala sururu.