Rangi Isiyogusa Chungu cha Uji

Leo nazungumzia tabaka jembamba sana. Ndani ya kopo la samaki, chini ya meli na juu ya sakafu za hospitali, kinacholinda chuma na saruji mara nyingi ni epoksi. Tangu Pierre Castan wa Uswisi na Sylvan Greenlee wa Marekani walipoibuni katika miaka ya 1930 na 1940, sehemu kubwa ya utomvu wake imetokana na bisfenoli A na epikloridini, na kwa kawaida vyote viwili chanzo chake ni petroli. Fundi huchanganya utomvu na kigumishi, hadina kama wasemavyo gereji. Vipete vya oksijeni vilivyobanwa ndani ya utomvu hufunguka, vikaungana na kigumishi, na mtandao ukishafunga hauyeyuki tena.

Petroli siyo shida pekee. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilishusha mara 20,000 kiwango cha bisfenoli A ambacho mtu anaweza kumeza kila siku, na mwishoni mwa 2024 Umoja huo ukapitisha marufuku ya kuitumia katika vyombo na makopo yanayogusa chakula.

Wengi wanaotafuta mbadala wa mimea huanzia kwenye soya. Mafuta yake yakitiwa perokisidi ya hidrojeni na asidi hupata vipete hivyohivyo. Mimi hapo nakataa. Soya ya Dowa na Lilongwe, hapa Malawi, ndiyo iliyomo ndani ya likuni phala, uji wa mtoto aliyedhoofu, na sioni heshima ya kulinda bati kwa kumpunguzia huyo mtoto. Tena vipete vya soya hufunguka polepole, na tabaka lake huwa laini.

Badala yake, tuitazame Mzuzu. Mji ule ulikua kutokana na shamba la miti ya tung, lililoanzishwa na shirika la maendeleo la Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1940. Mbegu za tung ni sumu. Hakuna anayenyang'anywa chakula. Mafuta yake hukauka yenyewe hewani yakawa ngozi isiyopitisha maji, na Wachina wamekuwa wakiyapaka kwenye mashua kwa karne nyingi. Yakiunganishwa na anhidridi ya maleiki huweza kugumisha epoksi, ingawa kwa joto la tanuri.

Lakini tegemeo langu kubwa ni ganda la korosho. Korosho nyingi za Mtwara na Lindi, Tanzania, husafirishwa ghafi, na maganda yake huondoka nazo. Ndani ya ganda mna mafuta yanayobabua. Kina mama wabanguaji wanayajua kwa mikono yao. Yakipashwa moto hutoa kadanoli, yenye mkia mrefu unaosukuma maji. Kadanoli ikiunganishwa na fomaldehidi na amini tunapata fenalkamini, kigumishi kinachoshika hata kwenye baridi na unyevu. Ndiyo maana hutumika kwenye rangi za meli. Kusema kweli, fomaldehidi na amini hizo bado kwa kawaida hutoka kwenye petroli au gesi, kwa hiyo anayeuza kopo zima kama zao la mimea atuambie ni sehemu gani. Epikloridini nayo sasa huweza kutengenezwa kwa gliserini, mabaki ya kutengeneza dizeli ya mimea, kama inavyofanyika Thailand.

Majaribio ya kwanza ya rangi hizi yanawezekana hapahapa, kwa wachomeleaji na wapaka rangi wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Vaeni glavu, kazi ifanyike penye hewa. Pakeni vipande vya bati, vikauke, choreni miraba kwa wembe, bandikeni selotepu, vuteni, hesabuni miraba iliyobanduka. Vipande vingine vilowekeni majini, vingine viacheni juani, maana epoksi hugeuka chaki juani.

Bunda, nje ya Lilongwe, kuna chuo kikuu cha LUANAR, chenye wataalamu wa mazao. Dzaleka, gereza la zamani lililofanywa kambi mwaka 1994, ina mafundi. Kati yao kuna mwendo mfupi wa gari na kizuizi kirefu cha sheria: mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini. Nawaomba wakuu wa vyuo na wizara wampe fundi wa hapa kibali cha kushinda maabarani, jina lake liandikwe kwenye matokeo, na alipwe ujira sawa na mwenzake wa Lilongwe.