Tini za Mwezi wa Julai

Jamaa yangu mmoja aliyehamia Seattle, kaskazini magharibi ya Marekani, alipanga nyumba yenye mtini uani. Alifurahi sana, kwa kuwa tini alizozijua tangu utotoni ni zile kavu zilizoshikana, ambazo mama alizinunua dukani mwezi wa Ramadhani. Mwaka wa kwanza hakula hata moja. Mwaka wa pili, kadhalika. Ilipofika Septemba mti ulijaa matunda, lakini yote mabichi na magumu kama kokwa, mpaka baridi ikayaangusha. Jirani yake alikuwa amekwisha kuchuma za kwake tangu mwisho wa Julai.

Kosa lilikuwa la mkasi. Kila Februari mwenye nyumba alikuja kuupogoa mti, akakata matawi machanga yote ili uani papendeze. Hakujua, na wengi wetu hatujui, kwamba mtini huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Mzao wa kwanza hutoka kwenye matawi ya mwaka uliopita. Vitunda vidogo kama punje ya pilipili manga hukaa juu ya tawi wakati wote wa baridi, mti ukiwa mtupu kabisa. Joto likirudi, huanza kuvimba. Mzao wa pili hutoka kwenye matawi mapya ya mwaka ule ule, nao hutaka kiangazi kirefu. Uturuki kiangazi hicho kipo, na California kipo. Seattle hakitoshi. Basi yule bwana alikuwa akikata tini zinazoweza kuiva na kuacha zile zisizoiva.

Watu wa kale waliijua sana tofauti hii. Isaya, Hosea na Mika, wote wanaitaja tini ya kwanza kama kitu cha kutamaniwa. Hata ule mtini katika Injili ya Marko, uliokuwa na majani bila tunda, wako wafafanuzi wanaosema kwamba kilichotafutwa pale ni hizo tini za mapema.

Lakini kuacha matawi peke yake hakutoshi. Lazima mtu ajue amepanda aina gani. Katika sehemu zile za Seattle wakulima wa nyumbani huisifu aina iitwayo Desert King. Tunda lake ni la kijani kwa nje, jekundu ndani, tamu kweli kweli, na mzao wake wa kwanza ni mwingi. Mzao wake wa pili, hata hivyo, haukomai bila nyigu mdogo sana anayeingia ndani ya tini na kuichavusha, na nyigu huyo haishi kwenye baridi ile. Msidhani ni jambo dogo. California walipanda mitini ya Smyrna katika karne ya 19, wakaona matunda yakipukutika mwaka baada ya mwaka, hadi nyigu huyo alipoletwa na kustawi Fresno mwaka 1899. Mwenye Desert King Seattle hana haja ya kumwagiza nyigu. Anakula za Julai na Agosti, basi. Akitaka na za baadaye, atapanda kando yake aina nyingine isiyohitaji nyigu na inayowahi kuiva.

Ukienda Chicago, mambo hugeuka. Kule baridi huua matawi mpaka chini, na tini za mapema hufa nayo. Ndiyo maana aina ya Hardy Chicago inapendwa: hata ikichipua upya kutoka shinani, huzaa kwenye matawi mapya. Wahamiaji wa Kitaliano mjini New York waliizoea kazi ya kuifunga mitini kwa magunia na matambara kabla ya theluji, wengine wakailaza na kuifukia. Asiye na kiwanja hupanda kwenye pipa, akalisukuma gereji wakati wa baridi.

Jamaa yangu alimsihi mwenye nyumba aweke mkasi chini mwaka mmoja tu. Yule bwana alinung'unika kuhusu unadhifu, kisha akakubali kukata matawi makavu na machache yaliyosongamana, akavaa glavu, maana utomvu wa mtini huunguza ngozi ikipigwa na jua. Mwishoni mwa Julai tini zikalegea shingo na kuinama, na hiyo ndiyo dalili, kwani tini ikichumwa kabla ya hapo haiivi vizuri kabatini kama embe. Zilikuwa kumi na tisa. Ndege walikula saba, mwenye nyumba akapewa sita. Mwezi wa Februari uliofuata alikuja bila mkasi, akauliza kama anaweza kupata kipande cha tawi akapande kwa binti yake.