SAFARI YA MBALI KWA PIKIPIKI NDOGO

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi katika mkutano wa kabla ya likizo ya Desemba. Imepigwa chapa hapa kwa ajili ya ndugu waliokuwa zamu siku ile.)



Kamati imenitaka niseme juu ya jambo lisilokuwamo katika mkataba wetu na kampuni, lakini ambalo kila Desemba hutugusa kuliko vifungu vingi vya mkataba huo. Wengi wetu tuna pikipiki za cc 100, 125 au 150. Siku za kawaida hutuleta kazini, na Jumamosi na Jumapili wengine huzitumia kubebea abiria ili kuongeza unga nyumbani. Inapofika Krismasi nauli ya basi hupanda, na mtu hujiambia: pikipiki ninayo, barabara ni ya lami mpaka Kisumu, kwa nini nimlipe mwenye basi? Mimi siwezi kumwambia mtu huyo asiende. Hesabu yake ya fedha ni kweli. Nataka tupige pamoja hesabu zile nyingine.

Nitachukua njia ya Nairobi kwenda Kisumu mpaka Busia, maana ndiyo inayopitwa na wengi wa tawi hili. Wa Meru na wa Pwani wataniwia radhi.

Kutoka Nairobi mpaka Naivasha ni kama kilomita 90. Naivasha mpaka Nakuru 70. Nakuru mpaka Mau Summit karibu 60, kisha Kericho 50, kisha Kisumu 80. Jumla ni kama 350. Anayekwenda Busia huongeza kama 115 tena. Sasa msitazame namba ya mwisho iliyoandikwa kwenye kipima mwendo. Pikipiki ndogo yenye mzigo, ikipanda na kushuka, na mwendeshaji akipumzika kila baada ya saa moja, hufanya kilomita 40 kwa saa. Ukiondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi kunapopambazuka, utakuwa Kericho mnamo saa saba mchana, na Kisumu mnamo saa tisa. Hiyo ni siku njema ya safari. Lakini wa Busia akisema ataunga siku hiyo hiyo, ana saa tatu tena mbele yake, na jua la kwetu halingoji mtu: saa kumi na mbili na nusu hivi limezama, Desemba kama Juni. Atafika pamoja na giza, na hapo ni ikiwa hakupata pancha hata moja. Pancha moja na kikombe kimoja cha chai, tayari anaendesha usiku. Kwa hiyo wa Busia alale Kisumu, kwa jamaa au katika nyumba ya wageni, na bei ya kitanda aiandike katika bajeti yake tangu leo.

Petroli haina fumbo. Pikipiki hizi, zikiwa zimetunzwa, huenda kilomita 40 na zaidi kwa lita moja. Zikiwa na mzigo na milima, wekeni 35. Basi Nairobi mpaka Kisumu ni lita 10, kiasi cha tangi moja hivi. Vituo viko njia nzima. Jazeni Nakuru na Kericho, na hapo hapo mnyooshe miguu. Ninasema hivi kwa sababu wako wenye tabia ya kufunga jerikeni ya petroli kwenye keria, wakidhani ni busara. Tarehe 31 Januari 2009, pale Sachangwan kwenye barabara hii hii, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota, moto ukalipuka, na watu zaidi ya 100 wakafa. Petroli nje ya tangi haina rafiki. Ukikuta lori la mafuta limelala kando, usisimame hata kutazama.

Njia yenyewe sasa. Pale Rironi barabara hugawanyika. Ya chini hushuka ukuta wa Bonde la Ufa kwenda Mai Mahiu, ile iliyojengwa na mateka wa Kiitalia wakati wa vita vya pili, na kanisa lao dogo la mwaka 1942 liko pale pale kando ya mteremko. Ni nzuri kutazama, lakini ni nyembamba na malori ni mengi. Ya juu, kwa Limuru na Kinungi, ni pana zaidi, ila asubuhi ina ukungu na baridi inayoingia mifupani. Mimi huchagua ya juu. Vaeni sweta mbili na karatasi ya gazeti kifuani chini ya koti. Msicheke, gazeti huzuia upepo kuliko koti la bei. Tena jueni kwamba kazi ya kuipanua barabara ya Rironi hadi Mau Summit ilizinduliwa mwishoni mwa mwaka 2025. Fedha za NSSF, yaani akiba zetu sisi, zimetiwa katika mradi ule, na hilo litakuwa na mkutano wake. Kwa leo neno langu ni hili: mahali penye ujenzi pana kokoto, na kokoto kwa tairi nyembamba ni kama mahindi yaliyomwagwa sakafuni. Punguzeni mwendo kabla ya kuifikia. Ukikanyaga breki ukiwa juu yake umechelewa.

Baada ya Naivasha utaona punda milia karibu na barabara, na upepo wa ubavuni hasa mkielekea Gilgil. Lori likikupita, kwanza linakukinga na upepo, halafu upepo unakurudia ghafula kama kofi. Shikeni usukani kwa utulivu na msiwe ukingoni kabisa mwa lami. Kikopey mtanusa nyama. Mimi sipingi nyama, lakini kilo moja ya mbuzi saa nne asubuhi huleta usingizi saa tano.

Kutoka Nakuru barabara hupanda kwa Salgaa na Sachangwan mpaka Mau Summit, mahali palipo zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari. Huko pikipiki ya kabureta hukosa pumzi. Hewa ni nyepesi, petroli inayoingia inazidi hewa, na injini inalegea. Wengi hudhani imeharibika, wanaanza kufungua skrubu kando ya njia. Iacheni. Shusheni gia, endeni polepole. Mkifika chini itarudi kuwa kama kawaida. Hatari ya kilima hiki wakati wa kwenda ni malori yanayoshuka upande wa pili, mengine dereva ametoa gia ili kuokoa mafuta, na breki zimechemka. Wakati wa kurudi Januari, sisi ndio tutakaoshuka. Breki zetu nyingi ni za ngoma, nazo zikishikwa mfululizo hupata moto na kuacha kushika, sawasawa na zile za lori. Dawa yake ni ya zamani: shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia, injini ikuzuie, na breki uzitumie kwa kugusa na kuachia.

Kisha Londiani. Tarehe 30 Juni 2023, kwenye njia panda ya Londiani, lori lilipoteza mwelekeo likawakumba wachuuzi, abiria na waendesha bodaboda waliokuwa kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walikufa. Hawakuwa wakiendesha vibaya. Wengine walikuwa wamesimama tu. Kwa hiyo tukipumzika, tupumzike ndani ya uwanja wa kituo cha petroli, mbali na lami. Njia panda na kona si mahali pa kupumzikia, hata kama chai ya pale ni nzuri.

Kericho mvua hupenda kunyesha alasiri, mara nyingine na mvua ya mawe. Ndiyo maana nimepanga tufike pale saa saba. Ikitukuta, tutajikinga mpaka iishe. Lami iliyoanza kulowa, kabla maji hayajaiosha, huteleza kuliko ile iliyonyeshewa saa nzima.

Juu ya matengenezo nitasema machache, maana humu ndani mafundi ni wengi kuniliko. Oili mpya, tairi zenye meno, cheni isiyolegea wala kukazwa mno, viatu vya breki, taa ya nyuma. Katika mfuko: tyubu mbili, plagi, kebo ya klachi, kiungo cha cheni, pampu, spana na waya. Lakini jambo moja silo dogo. Vifaa vipya vifungwe wiki mbili kabla ya safari. Kebo mpya hulegea, tairi mpya huteleza mwanzoni, na fundi wa usiku wa mwisho husahau nati. Endeni nayo kazini siku kumi, kasoro zijitokeze hapa karibu na duka.

Mzigo uwe chini na mbele, usifunike taa. Mabati hayabebwi. Abiria ni mmoja tu kwa sheria, naye avae helmeti na reflekta kama mwendeshaji. Najua wapo wanaofikiria kumbeba mama na mtoto katikati kwa kilomita 350. Ndugu, mama na watoto waende kwa basi. Ukiisha kutoa nauli yao, akiba ya pikipiki inapungua sana, na pengine utaona afadhali nawe uingie basi hilo hilo. Hiyo nayo ni hesabu halali, wala si aibu.

Tutakwenda kwa makundi ya watu wasiozidi watano. Mwenye pikipiki dhaifu atatangulia, na mwenye nguvu atakuwa wa mwisho akiwa na mfuko wa spana. Tusifuatane kwa mstari mmoja kama siafu; mmoja kulia, wa nyuma yake kushoto, na nafasi kati yetu. Kila mtu amtazame wa nyuma yake katika kioo. Asipomwona, asimame mahali salama. Kwa njia hiyo kundi zima litasimama bila kupiga honi wala simu.

Sasa nafika kwenye neno lililonileta hapa hasa. Mwaka baada ya mwaka likizo huanza asubuhi ile zamu ya usiku inapotoka. Mtu amesimama kwenye mashine saa kumi na mbili, anatoka langoni, mzigo umeshafungwa tangu jana, anawasha pikipiki moja kwa moja kwenda Nakuru. Karibu na saa nne jua linampasha joto mgongoni, injini inanguruma sauti moja, na macho yanafunga yenyewe. Hakuna matengenezo ya kumsaidia huyo. Helmeti nzuri humsaidia kidogo tu.

Tena akianguka, nani atalipa? Bima tunazonunua wengi wetu ni zile za lazima, za kulipa mtu mwingine tuliyemwumiza. Mwendeshaji mwenyewe hazimpi kitu. Sheria ya Fidia kwa Ajali za Kazini ya mwaka 2007 inahusu ajali inayotokana na kazi, na kwenda nyumbani likizo kwa pikipiki yako mwenyewe haihesabiwi hivyo. Kwa hiyo uchovu umetoka kiwandani, lakini gharama yake inabebwa na nyumba ya mfanyakazi. Hakikisheni mchango wenu wa SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mwaka 2024, umelipwa kabla hamjaondoka, na namba 999 na 112 ziwe katika kila simu.

Sheria ya Ajira ya 2007 inatupa likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka, kwa mshahara kamili. Haisemi kwamba mtu lazima asafiri na usingizi wa jana. Kwa hiyo ninaleta mbele yenu ombi, Ndugu Mwenyekiti, lipigiwe kura leo: Katibu aiandikie kampuni kwamba katika wiki ya mwisho kabla ya likizo zamu ya usiku imalizike siku moja mapema, nasi tuko tayari kufidia saa hizo katika wiki za mwanzo wa Desemba. Kampuni haipotezi mtungo mmoja wa kazi. Wakikataa, basi tukubaliane sisi kwa sisi kwamba hakuna kundi litakalompokea mtu aliyetoka zamu ya usiku asubuhi hiyo. Atalala, na kundi lake litamngoja mpaka kesho yake. Najua wengine watanung'unika kwa kupoteza siku ya Krismasi. Wanung'unike.

Karatasi ya majina iko kwa karani, mezani pale mlangoni. Andikeni jina, namba ya pikipiki, mahali uendako na zamu yako ya wiki ya mwisho. Ile ya zamu msiifiche. Jumapili mbili kabla ya safari, saa tatu asubuhi, mafundi wawili wa idara ya matengenezo watakagua pikipiki hapa uwanjani bila malipo. Itakayokutwa na tairi kipara haitapangiwa kundi mpaka mwenyewe alete nyingine.

Sasa nipo kwa maswali, tuanze na wa Busia, maana naona wamekunja nyuso.