Tope Lililokauka Halijafa

Leo nawaalika tutembee kwa fikira hadi msitu wa Arabuko-Sokoke, huko pwani ya Kenya, kati ya Kilifi na Malindi.

Mgeni akifika huko mwezi wa Februari, wakati wa kiangazi, kiongozi wa matembezi aweza kumsimamisha mbele ya bonde dogo lisilo na kitu. Udongo umepasuka-pasuka, wala hakuna cha kutazama. Lakini akirudi masika yakiisha kunyesha, mahali pale pale atakuta maji yametanda, mayungiyungi yanaelea, na vyura wanaimba usiku kucha. Ukingoni imeota mimea ya jamii ya ndago. Ukisokota bua lake kwa vidole utasikia pembe tatu, ilhali bua la nyasi za kawaida ni la mviringo.

Je, mimea hii ilikuwa wapi mwezi wa Februari? Hakuna mtu aliyeipanda. Yungiyungi lilikuwa limejificha topeni, likiwa kiazi. Mimea mingine ilikuwa mbegu tu. Tena mbegu hizo haziamki zote siku moja. Baadhi huota kwa mvua ya kwanza. Nyingine hungoja, kwa kuwa mvua ya kwanza yaweza kukatika, na miche ikaungua kwa jua.

Mtaalamu wa Uingereza, Charles Darwin, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1859 jinsi alivyochota vijiko vitatu vikubwa vya tope kando ya kidimbwi. Aliliweka chumbani mwake miezi sita, aking'oa na kuhesabu kila mche uliotokea. Tope lenyewe lilienea katika kikombe kimoja. Miche ilikuwa 537!

Ndugu zangu, katika kitabu cha Ayubu, sura ya 8, Bildadi anasema habari za mafunjo yanayokauka upesi maji yakikosekana. Kwa mfano huo alimhukumu rafiki yake aliyefiwa: umekauka, basi hakika umemwacha Mungu. Bildadi alitazama majani, hakuuliza habari za tope. Naye Ayubu, katika sura ya 14, alijua kwamba kisiki kikavu huchipuka tena maji yakikikaribia, ingawa kwa uchungu wake aliona kuwa mwanadamu hana tumaini hilo. Mwisho wa kitabu, Mungu aliwakemea marafiki, na Ayubu akainuliwa.

Nasi twafanya kama Bildadi. Tukiona bonde kavu, twasema ni ardhi ya bure. Twaleta malori ya kifusi wakati wa kiangazi, maana maji hayapo ya kutuzuia. Masika yakija, maji yaliyokosa makao yake huingia nyumbani kwa jirani, na mbegu za miaka mingi zimezikwa mahali pasipofikiwa na mwanga. Basi, wazee wa kanisa, ikiwa kiwanja chenu kina bonde la namna hiyo, msikate shauri kabla ya kulitazama msimu mmoja wa mvua.

Tena, yuko kijana aliyeacha kuja ibadani. Yuko mama aliyenyamaza tangu alipomzika mumewe. Wengine wamekwisha kusema, huyo amekauka. Tusimwage kifusi juu yake. Twende tumtembelee, tunywe naye chai, bila kumdai achanue leo. Pengine hakuamka kwa mvua ya kwanza. Mbegu ya kungoja nayo ni mbegu.

Na tuombe. Ee Bwana, utupe macho ya kuona zaidi ya ukavu, na subira ya kungoja mvua yako. Amina.