Jezi Namba 23

(Mazungumzo na wazazi na vijana kabla ya shule kufunguliwa)

 

Wiki ijayo shule zinafunguliwa. Habari za chanjo, fomu na basi la shule zimo kwenye karatasi mliyopewa mlangoni, na nitabaki hapa mpaka aliye na swali la mwisho ajibiwe. Kwa sasa naomba niwasimulie habari ya mpira.

Si mpira tuliouzoea. Ni ule wa Kimarekani, wenye umbo la yai, ambao watoto wenu wameshaanza kuwaomba ruhusa waucheze. Ukipita barabara ya 75 hapa Dallas utaona Chuo Kikuu cha Southern Methodist, ambacho watu hukiita SMU. Mwaka 1965 kocha wa chuo hicho, Hayden Fry, alimpa ufadhili wa masomo kijana mweusi aitwaye Jerry LeVias. Kijana huyo alitoka Beaumont, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kutoka Houston. Katika ligi ya vyuo ya siku zile, Southwest Conference, hakuna mweusi aliyewahi kupewa ufadhili wa kucheza mpira huo. Bibi yake alimshauri avae jezi namba 23, kwa ajili ya Zaburi ya 23.

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawakuruhusiwa kuchezea timu kubwa, kwa hiyo alisubiri mpaka msimu wa 1966. Mwaka huohuo John Westbrook, naye mweusi, alikuwa akichezea Baylor, mjini Waco. Hao ndio waliofungua njia.

LeVias alikuwa mfupi kuliko wengi, lakini mbio alikuwa nazo. SMU haikuwa imechukua ubingwa wa ligi tangu 1948. Msimu huo iliifunga Rice ya Houston 28 kwa 24. Ikaifunga Texas 13 kwa 12. Mchezo wa mwisho wa ligi ulikuwa Fort Worth, dhidi ya TCU, na kabla ya siku hiyo kulikuja kitisho kwamba LeVias atapigwa risasi akiwa uwanjani. Aliingia akacheza. SMU ilishinda 21 kwa 0, ikawa bingwa.

Wengi wetu tungeishia hapo. Mvumilivu hula mbivu, tupige makofi, twende nyumbani. Nawaomba tubaki kidogo.

Mwezi Machi mwaka huohuo, Martin Luther King alikuja kuhutubia pale chuoni. Alizungumza na LeVias, akamwasa azitawale hisia zake. Ulikuwa ushauri wa busara, na kijana aliushika. Barua za matusi zilikuja, akanyamaza. Alitukanwa uwanjani, akanyamaza. Lakini kunyamaza kuna gharama yake. Mwaka 1968, tena Fort Worth, tena dhidi ya TCU, mchezaji mmoja alimtemea mate usoni. LeVias akatoka uwanjani, akatupa kofia yake chini, akasema basi, ameacha. Kocha Fry akamfuata akazungumza naye. LeVias akarudi, akaudaka mpira uliopigwa na wapinzani, akakimbia nao yadi 89 mpaka mwisho wa uwanja. SMU ikashinda 21 kwa 14.

Wanaopenda mpira wanazikumbuka yadi 89. Mimi nakumbuka kwamba kuna mtu mzima aliyeinuka akamfuata. Baadaye LeVias alicheza Houston katika timu ya Oilers, akapewa heshima nyingi. Hata hivyo, miaka mingi baada ya kumaliza chuo amekuwa akieleza hadharani jinsi miaka ile ilivyomuumiza.

Kwa nini nawaambia haya? Nilipofika nchi hii nilikuwa kijana wa sekondari. Kwa miezi mitatu nilikwenda shule kwa miguu, nikimwambia mama kwamba napenda kutembea. Ukweli ni kwamba kwenye basi kulikuwa na wenzangu walioniita majina nisiyotaka kuyarudia hapa. Sikumwambia mama kwa sababu nilijua angenijibu neno moja: vumilia. Yeye alikuwa amevumilia vita, amevumilia kambi. Ningeanzaje kumlalamikia kiti cha basi? Alikuja kujua nikiwa mtu mzima, akalia.

Wazazi wangu, nawaomba msimuulize mtoto "shule vipi?" Atajibu "nzuri", na mazungumzo yataishia hapo. Muulize leo alikula na nani. Muulize kwenye basi alikaa na nani. Akikwambia kuna jambo, msikilize mpaka amalize kabla ya kumpa methali. Kisha andika tarehe, mahali, maneno yaliyosemwa na nani alikuwepo, halafu nenda shuleni au niite twende pamoja.

Msiogope. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, iliyopitishwa miaka miwili tu kabla ya msimu ule, inahusu shule za serikali wanazosoma watoto wenu. Mtoto akisumbuliwa kwa sababu ya rangi yake au nchi alikotoka, shule haina ruhusa ya kufumba macho. Pia mna haki ya kuelezwa mambo muhimu ya mtoto kwa lugha mnayoielewa. Ombeni mkalimani, hamlipi. Msimfanye mtoto kuwa mkalimani wa shida yake mwenyewe.

Na ninyi vijana, uvumilivu ni sifa njema, sijaukana. Lakini anayevumilia pia husema, na akisema hajashindwa. LeVias alitupa kofia chini, akaongea na mtu, kisha akaiokota. Zote tatu zilikuwa sehemu ya mchezo.

 Sasa tuje kwenye fomu.