Urithi wa Kitume na Mamlaka ya Askofu: Aliwekewa Mikono na Nani, na kwa Kanisa Gani?



Waandaaji wa semina hii wameniomba nieleze maana ya urithi wa kitume, historia yake na nafasi yake katika mamlaka ya kanisa. Maana yake mlifundishwa chuoni, kwa hiyo nitaipitia haraka. Kristo aliwatuma mitume. Mitume wakaweka waangalizi katika makanisa waliyoyaanzisha. Nao wakafuatwa na wengine. Wakatoliki, Waorthodoksi na sisi Waanglikana tunashika kwamba askofu huingia katika mfululizo huo kwa kuwekewa mikono na maaskofu. Kwa Walutheri historia inatofautiana nchi kwa nchi: Uswidi iliutunza mfululizo huo wakati wa Matengenezo, lakini Denmark iliukata mwaka 1537, pale Johannes Bugenhagen, ambaye alikuwa padre tu, alipowaweka wakfu wasimamizi saba. Wapresbiteri wao wanaona urithi uko katika mafundisho na katika baraza la wazee. Lipo pia suala la Mkutano wa Kikuyu wa 1913, ambapo Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliwashitaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Hilo linahitaji semina yake.

Naomba tukae kidogo kwa Ireneo wa Lyon, maana wanaomtaja ni wengi kuliko waliomsoma. Mnamo mwaka 180 hivi aliwajibu Wagnostiki waliodai kuwa wana mafundisho ya siri kutoka kwa mitume. Akawapa orodha ya maaskofu wa Roma: Lino, Anakleto, Klementi, hadi Eleuterio, wa kumi na mbili. Iangalieni vizuri orodha hiyo. Inaonyesha nani alikalia kiti kile baada ya nani. Haitaji maaskofu wa jirani waliokuja kumwekea mikono kila mmoja wao, ingawa ni wazi kwamba askofu aliyekwisha kufariki hawezi kumwekea mikono mrithi wake. Hoja ya Ireneo ilikuwa kwamba mafundisho haya yalitolewa hadharani, katika kanisa linalojulikana, kutoka kiti kinachojulikana, na waumini wote waliyasikia.

Mitaguso ilifuata njia hiyo hiyo. Kanuni ya 4 ya Nikea, mwaka 325, inataka askofu awekwe na maaskofu wa jimbo zima, au wasiopungua watatu, wasiokuwepo wakikubali kwa maandishi, na askofu mkuu wa jimbo athibitishe. Kanuni ya 6 ya Kalsedoni, mwaka 451, ni kali zaidi: mtu asipewe daraja bila kupangiwa kanisa mahususi, na anayepewa hivyo, daraja lake halina nguvu.

Upande wa Magharibi, Augustino aliifungua njia nyingine alipopambana na Wadonati wa Afrika Kaskazini. Alishika kwamba sakramenti haifutiki kwa sababu tu imetolewa nje ya umoja wa kanisa, na hivyo makasisi wa Kidonati waliweza kurudi bila kuwekwa upya. Kwa wakati ule hoja hiyo ilijenga amani, na siibezi. Ila baada ya karne nyingi watu waliigeuza: wakasema ukishapata mikono ya askofu halali, basi umemaliza, kanisa utalitafuta baadaye. Hapo ndipo lilipoanzia tatizo lililonisimamisha hapa.

Mfano wetu wa karibu ni huu. Mwaka 1892 Joseph René Vilatte aliwekwa wakfu mjini Colombo kwa mfululizo wa Wasiria wa Malabar. Mwaka 1921, huko Chicago, Vilatte alimweka wakfu George Alexander McGuire, mzaliwa wa Antigua, aliyeanzisha Kanisa la Kiorthodoksi la Kiafrika, wakati ambapo makanisa ya wazungu hayakuwa tayari kuwapa watu weusi uaskofu wenye mamlaka kamili. Mwaka 1927 McGuire alimweka Daniel William Alexander wa Afrika Kusini. Mwaka 1932 Alexander alimpa Reuben Spartas daraja la upadre nchini Uganda, na mwishoni mwa 1935 alifika Kenya kwa mwaliko wa Wakikuyu waliokuwa wamejitenga na misheni. Akafundisha Gituamba, akatoa daraja, akaondoka 1937. Miongoni mwa aliowaweka alikuwepo Arthur Gathuna.

Siwalaumu wazee hao. Walihitaji makasisi, na milango ya misheni ilikuwa migumu. Lakini Alexander aliporudi kwao, makasisi aliowaacha walikuwa na mikono bila sinodi, bila askofu jirani wa kumkatia rufaa, bila wa kuwaonya. Spartas aliliona hilo mapema. Ingawa cheti cha daraja alikuwa nacho, miaka yote iliyofuata aliitumia kutafuta kanisa la kuwa chini yake, na mwaka 1946 Upatriarki wa Aleksandria ukampokea yeye na wenzake. Mwaka 1973 yeye na Gathuna wakawekwa maaskofu. Kati ya daraja la kwanza na uaskofu ilipita miaka arobaini na mmoja kwa Spartas. Sisi leo tunaombwa kumpokea mtu kwa barua ya wiki moja.

Nisemalo sasa nalisema kwa tahadhari, na sitamtaja mtu wala dayosisi. Katika kamati ya kupokea watumishi tumeletewa vyeti vya kila namna. Kimoja kilikuwa na mhuri wa rangi ya dhahabu, sahihi tatu, na ukurasa wa pili wenye majina yaliyojipanga kuanzia Mtume Petro hadi mwenye cheti mwenyewe. Palipotakiwa jina la kanisa alilowekewa paliandikwa "Afrika Mashariki na Kati". Mwenyewe alikuwa mtu mpole, amevaa vizuri, na alikereka kweli tulipomuuliza ni waumini gani waliomchagua.

Aibu ni kwamba na sisi hatuna mahali imara pa kusimama tunapomuuliza. Tuliwahi kuandikia ofisi moja ya kanisa kuhakiki daraja la kasisi wao halali kabisa. Jibu lilichukua miezi, na likasema kitabu kilihamishwa wakati wa ukarabati. Kilipopatikana kwenye stoo, nyuma ya masanduku ya mishumaa, kurasa zilikuwa zimegandana kwa maji ya mvua.

Linganisheni na Matthew Parker, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliyewekwa wakfu Lambeth tarehe 17 Desemba 1559. Baada ya miaka zaidi ya arobaini ulizuka uvumi kwamba yeye na wenzake waliwekewa mikono kwa mzaha kwenye baa ya London. Uvumi ulijibiwa kwa kufungua rejista: siku, mahali, na majina ya waliomwekea mikono, yaani Barlow, Scory, Coverdale na Hodgkins. Papa Leo XIII alipozikataa daraja za Kianglikana mwaka 1896, hoja yake ilikuwa juu ya maneno ya ibada na nia. Kama tendo lenyewe lilifanyika, hakulibishia.

Mapendekezo yangu, ambayo baadhi mmeyasikia: kila dayosisi iwe na rejista moja ya daraja, yenye jalada gumu, isiyotoka ofisini. Kila ingizo litaje waliowekea mikono, kanisa au mtaa aliopangiwa mhusika, na kikao kilichomchagua, pamoja na tarehe ya muhtasari. Nakala ya kila ingizo ipelekwe makao makuu ya kanisa ndani ya siku thelathini. Pasiwe na daraja bila kituo, Kalsedoni ilishasema. Anayekuja kutoka nje aulizwe kwanza ni kanisa gani lilimchagua, kabla ya kuulizwa ni nani alimwekea mikono. Asiyeweza kujibu swali la kwanza asipewe joho wala kiti cha mbele kwenye ibada zetu, hata kama ni mgeni wa mheshimiwa fulani. Kamati za kupokea watumishi zisivunjwe kila anapobadilika katibu. Picha za kidijiti za rejista zipigwe, lakini zisitumike kama sababu ya kukitupa kitabu. Rejista iwe moja, na isitoke ofisini. Nalirudia kwa makusudi. Waliostaafu waliowahi kuhudhuria ibada za daraja ambazo hazikuandikwa waandikishwe ushahidi wao mapema, kwani wengi wao wamezeeka.

La mwisho, Ndugu Mwenyekiti: naomba kila pendekezo litakalokubaliwa hapa liandikiwe tarehe ya utekelezaji na jina la mhusika. Yale ya semina iliyopita hayakuandikiwa, na baadhi yake ndiyo haya haya niliyosoma leo.